MatchKing, Hybrid, ELD Match au Scenar: uweke kichwa kipi mbele ya baruti yako?

Tuanze na lugha, maana bila hivyo tutagombana njiani. Kiswahili kimelitwisha neno "risasi" mizigo mitatu: madini yale mazito na laini, kipande kinachoruka kutoka mtutuni, na kitu kizima kinachoingia kwenye chemba. Anayejitengenezea risasi zake hawezi kuishi na mchanganyiko huo, kwa sababu kazi yake yote ni kuvitenganisha vitu hivyo na kuviunganisha upya. Kwa hiyo humu, risasi ni kitu kizima: ganda, fataki kitakoni, baruti ndani na kichwa mbele. Kinachoruka nitakiita kichwa. Madini nitayaita madini.

Sasa hali yenyewe. Una bunduki ya kulengea shabaha, kibali chako hakina kasoro, presi ya kushindilia risasi imefungwa mezani, maganda yamesafishwa na kupimwa. Mbele yako kuna maboksi manne: Sierra MatchKing, Berger Hybrid Target, Hornady ELD Match na Lapua Scenar. Yote yameandikwa kwamba ni ya mashindano, na kila moja lina namba ya BC, kipimo cha kupasua hewa nitakachokieleza hapa chini. Wengi watakushauri uchukue lenye BC kubwa kuliko yote, basi. Ushauri huo niliufuata misimu miwili, na nilichovuna ni makundi ya matundu yaliyotawanyika kama mbegu zilizomwagika. Siku hizi naangalia kwanza ni kichwa kipi kinachoisamehe bunduki yangu na mkono wangu. BC naiangalia baadaye.

Namba ya kwenye boksi

BC ni kipimo cha jinsi kichwa kinavyotunza kasi yake dhidi ya hewa, kikilinganishwa na kichwa cha mfano. Tatizo ni kwamba vichwa vya mfano viko viwili. Kile cha G1 kina kitako bapa na pua fupi, umbo la zamani. Cha G7 kina pua ndefu na mkia uliopungua unene kuelekea nyuma, kama vichwa vya mashindano vya leo. Ukikipima kichwa cha leo kwa G1, jibu halitulii: hubadilika kadiri kasi inavyoshuka. Sierra wenyewe hawafichi jambo hili. Kichwa chao maarufu cha greni 168 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) cha .308, yaani unene wa inchi 0.308, wamekiandikia 0.462 kikiwa na kasi ya futi 2600 kwa sekunde au zaidi, kisha wanashusha hatua kwa hatua mpaka 0.405 kasi inapofika futi 1600 na chini ya hapo. Ni kichwa kile kile, safari ile ile.

Ongeza na hili: watengenezaji hawaandiki namba zao kwa utaratibu mmoja. Sierra hugawa kwa viwango vya kasi. Hornady hutaja namba ya kasi kubwa, Mach 2.25 (mara 2.25 ya kasi ya sauti), pale ambapo kichwa kinapendeza zaidi. Berger hutoa wastani wa safari ndefu. Kwa hiyo ukiziweka G1 tatu za maboksi matatu kando kwa kando, ni sawa na kulinganisha urefu wa watu watatu ambao mmoja amevaa viatu, mwingine kofia, na wa tatu yuko pekupeku. Tumia G7 pale inapopatikana.

Chukua mfano wa milimita 6.5, greni 140, uzito unaopendwa sana na wenye bunduki za 6.5 Creedmoor. ELD Match imeandikwa G1 0.646 na G7 0.326. Hybrid Target ni G1 0.607 na G7 0.311. Kwa G7 tofauti yao ni kama asilimia 5. Ifanyie hesabu ya upepo: upepo wa ubavu wa mita 4.5 kwa sekunde, umbali wa karibu mita 900, kasi ya kawaida ya 6.5 Creedmoor, kichwa cha aina hii husukumwa pembeni kama mita 1.7. Asilimia 5 hapo inakupa takriban sentimita 10 za kujivunia. Lakini ukiukosea upepo kwa nusu mita tu kwa sekunde, umepoteza karibu sentimita 20. Sijakutana bado na mtu anayesoma upepo wa mita 900 bila kukosea nusu mita kwa sekunde mara kwa mara, na mimi mwenyewe hukosea.

Sisemi BC haina kazi. Ukitoka kwenye greni 168 ya .308 ukaja kwenye greni 140 ya 6.5, unaliona pengo kwa macho, tena siku ya kwanza. Lakini kati ya vichwa vya daraja moja na uzito mmoja, namba ile ni ya kuvunja sare tu.

Kwa nini ncha ina tundu

Swali hili huulizwa na kila mgeni, na jibu lake linaeleza mengi kuhusu ubora. Kichwa cha mashindano huanza kama kikombe kidogo cha shaba kinachovutwa mpaka kiwe koti jembamba. Kiini cha madini ya risasi huingizwa kutoka upande wa pua, halafu pua inafungwa kwa kubanwa. Kwa hiyo kitako hubaki kipande kimoja kisicho na mshono, na kasoro zote zinasukumwa kwenye ncha. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu. Kikiwa na upande mmoja ulioinuka hata kidogo, gesi huchomoka upande huo kwanza na kukisukuma kichwa kipinde. Ncha iliyochongoka vibaya inakula BC kidogo, ila kitako kibovu kinaharibu kundi zima.

Tundu lile, basi, ni alama ya namna kilivyotengenezwa. Halikuwekwa ili kichwa kipasuke ndani ya mnyama, na Sierra wamekuwa wakisema wazi kwamba MatchKing si ya kuwindia. Vichwa ninavyozungumzia hapa ni vya karatasi na vya chuma cha shabaha. Mwindaji ana rafu yake.

Kando kwa kando

Maneno mawili kabla ya jedwali: mifuo ni ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa, na mruko ni nafasi ambayo kichwa huruka kabla ya kuifikia.

| | Pua | Ncha | Mruko kabla ya mifuo | Anayefaidika zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Sierra MatchKing | mkunjo mlaini | tundu | huvumilia sana | anayeanza, na mwenye magazini fupi |
| Berger Hybrid Target | mikunjo miwili imeunganishwa | tundu | huvumilia kiasi | mlenga wa masafa marefu mwenye subira ya kupima |
| Hornady ELD Match | ndefu, ya kasi | plastiki | huvumilia kiasi, kutegemea bunduki | anayepiga risasi nyingi na anataka BC kubwa |
| Lapua Scenar | karibu na mkunjo mlaini | tundu | huvumilia | anayetaka usawa wa boksi hadi boksi |

Jedwali kama hili huwa linadanganya kidogo kwa unadhifu wake, kwa hiyo nilifungue.

Mambo ya mkunjo kwanza. Pua ya mkunjo mlaini huungana na mwili wa kichwa taratibu, huwezi kuhisi kona ukipitisha ukucha. Kichwa kinapotoka kwenye ganda na kukutana na mifuo ya mtutu, umbo hilo hukisaidia kujiweka katikati chenyewe. Pua ya mkunjo wa kona hukutana na mwili kwa pembe ndogo. Inapasua hewa vizuri zaidi, lakini ikigonga mifuo ikiwa imeinama kidogo, hubaki imeinama. Vichwa vya VLD (Very Low Drag, yaani vya ukinzani mdogo sana wa hewa), vilivyotokana na kazi ya Bill Davis miaka ya 1980, ni vya mkunjo wa kona, na ndivyo vilivyoleta sifa ya Berger ya kupiga vizuri mno au kukataa kabisa. Hybrid ilibuniwa ili kumaliza ugomvi huo, na mbunifu wake ni Bryan Litz: sehemu inayokutana na mifuo ina mkunjo mlaini, halafu mbele yake unaanza mkunjo wa kona wa kupasua hewa. Ni wazo la akili, na kwenye mtutu linafanya kazi, ingawa uvumilivu wake bado haujafika ule wa MatchKing.

MatchKing: mzee asiyegombana na mtu

Nikiulizwa na mtu anayeshindilia risasi zake za kwanza, namwambia aanze hapa, wala sisiti. Sababu ni ule mruko. Mruko ni nafasi kati ya pale kichwa kinaposhika mifuo na pale mifuo yenyewe inapoanza. Chemba za bunduki hazifanani, na mtutu huliwa mwanzoni mwa mifuo kadiri unavyoupiga, kwa hiyo mruko huongezeka wenyewe hata kama hukugusa kitu. Kichwa kinachovumilia kinakupa muda. MatchKing ukiizamisha kwenye ganda kwa urefu unaoingia kwenye magazini, mara nyingi itapiga vizuri bila kubembelezwa.

Ila chagua uzito kwa umbali. Ile ya greni 168 ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mashindano ya mita 300, na kwa mita 300 mpaka 600 bado naiheshimu kuliko vitu vingi vipya. Shida yake iko nyuma: mkia wake umekatwa kwa pembe kali ya nyuzi 13, na inapokaribia kasi ya sauti, kuanzia kama mita 800 hivi kwa .308, huanza kuyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Nimeiona ikiingia kwenye karatasi ubavu. Tundu linakuwa na umbo la kichwa kizima, kama tundu la ufunguo, na ukilitazama kwa darubini unadhani umeharibu mtutu. Kumbe mtutu ni mzima. Ile ya greni 175 ina mkia wa pembe ndogo, kama nyuzi 9, na hupita eneo hilo la mpito kwa heshima zaidi. Ndiyo iliyowekwa kwenye risasi ya M118LR ya jeshi la Marekani. Mwenye .308 anayeota mita 900 asinunue 168 kwa sababu tu jina lake ni kubwa.

Kwa bunduki za .223, mazungumzo ni mafupi zaidi: greni 77 inaingia kwenye magazini ya kawaida, greni 80 kwa kawaida haiingii ukiizamisha inavyotakiwa, hivyo 80 ni ya anayelisha bunduki risasi moja moja kwa mkono.

Hybrid: kwa mwenye daftari

Berger hutumia makoti ya J4, ambayo yamejijengea jina kwa unene ulio sawa pande zote. Usawa huo ndio siri. Koti likiwa nene upande mmoja, uzito hauko katikati, na kichwa kinachozunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika hakisamehi uzito ulioegemea upande.

Nilipozipima Hybrid ishirini za boksi moja kwa komparata, kile kipande kidogo chenye tundu kinachofungwa kwenye kalipa ili kupima kutoka kitako mpaka pale pua inapofikia unene wa mifuo, kumi na saba zilikaa ndani ya sehemu mbili za mia za milimita. Zile tatu zilizobaki hazikwenda mbali. Ukifika hapo unaacha kuzichambua, unaanza kushindilia.

Kazi iko kwenye mruko. Kwa VLD, Berger wenyewe walishauri upime kwa hatua kubwa: karibu milimita 0.25, kisha 1, kisha 2, kisha 3, uone ni eneo gani linalotulia, halafu ndipo uchimbe kwa hatua ndogo. Utaratibu huo nautumia na kwa Hybrid, ingawa kwa kawaida jibu hujitokeza mapema zaidi. Wengi hufanya kinyume: wanaanza kwa hatua ndogo ndogo jirani na mifuo, wanamaliza boksi la vichwa mia, na hawajui kwamba bunduki yao ilikuwa inataka mruko wa milimita 2.

Tahadhari ndani ya hili: kichwa kinachogusa mifuo kabla ya kuanza safari hupandisha mgandamizo. Ukitoka kwenye mruko ukaenda kwenye kugusa, punguza baruti kwanza, ndipo upande tena hatua kwa hatua.

ELD Match: ncha ya plastiki na kisa cha kisukumio

Hornady walitoa familia hii mwaka 2015. Walipofuatilia vichwa vya ncha ya plastiki kwa rada ya Doppler waligundua kwamba ncha za zamani zilikuwa zinalainika na kuharibika umbo angani kwa joto la msuguano, hasa kwenye vichwa vyenye BC kubwa vinavyobaki na kasi kwa muda mrefu. Wakabadili plastiki. Faida ya ncha ya namna hii ni kwamba kila pua inakuwa sawa na mwenzake. Vichwa vya tundu hufungwa kwa kubanwa, na ukivitazama kwa kioo cha kukuza utaona midomo yao haifanani: mmoja umechongoka, mwingine una meno kama ganda la yai lililovunjwa. Kuna watu wanaikata midomo hiyo na kuichonga mmoja mmoja. Kwenye ELD hakuna kazi hiyo, ncha imekuja tayari.

Kazi iko kwingine. Siku moja nilishindilia risasi hamsini, nikazipima urefu kwa komparata, zikawa zinapishana mpaka sehemu kumi na mbili za mia za milimita. Nikashuku vichwa. Nikashuku presi. Nikabadilisha betri ya kalipa, maana mtu aliyekwama hubadilisha betri. Mwishowe nikatoa kisukumio, ile fimbo ndani ya kalibu (chombo kinachofungwa kwenye presi) inayokisukuma kichwa kiingie kwenye shingo ya ganda, nikakimulika kwa tochi. Chini kabisa ya shimo lake kulikuwa na alama ndogo nyekundu, rangi ya ncha ile. Pua ya ELD ni ndefu kuliko shimo la kisukumio nilichokuwa nacho, kwa hiyo kilikuwa kinaisukuma ncha badala ya kuushika mwili. Plastiki hubonyea kidogo, kila moja kivyake, na urefu wa risasi ukafuata. Nilipata kisukumio chenye shimo refu zaidi, tofauti ikashuka mpaka sehemu tatu za mia. Kabla ya kulaumu kichwa chochote chenye pua ndefu, paka ncha wino wa kalamu, kisukume mara moja, utazame wino umehamia wapi.

Hata baada ya kurekebisha, uzoefu wangu ni kwamba ELD zinahitaji kupangwa kwa komparata zaidi kuliko Hybrid. Siyo kila boksi. Ila ninapopanga ninakuta makundi mawili au matatu ya urefu badala ya moja. Kwa mazoezi sijali, nazipiga hivyo hivyo. Kwa siku ya mashindano nachukua kundi moja tu. Mtu anayepiga risasi mia mbili kwa wikendi, kwenye shabaha za chuma zenye upana wa kutosha, atafurahi na ELD na hataona sababu ya kusoma aya hii.

Scenar, kwa kifupi

Kutoka Finland. Sifa yake ni kuchosha: kila boksi linafanana na lililopita. Nimetumia greni 139 ya milimita 6.5 na greni 155 ya .308, na sijawahi kuwa na hadithi ya kusimulia juu ya lolote kati ya hayo, jambo ambalo kwa vichwa vya risasi ni sifa kubwa. Greni 155 ina nafasi yake maalumu, kwa sababu mashindano ya Palma ya .308 yamezoea kikomo cha vichwa vilivyo chini ya greni 156. BC yake si ya kutangaza. Zikipatikana mahali ulipo bila kukatika, usione aibu kuzifanya chaguo lako la kudumu.

Msokoto wa mtutu unaamua kabla yako

Hapa ndipo watu hununua kichwa kisichoweza kuruka kutoka kwenye bunduki yao. Mifuo husokota kichwa ili kisipinduke angani, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyotaka msokoto wa haraka. Kinachohesabiwa hasa ni urefu, na ndiyo maana ncha ya plastiki, ambayo ni ndefu na nyepesi, huwachanganya wanaotazama greni peke yake.

Mtutu wa .308 wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 unaifurahia 168. Kwa 175 bado unatosha, ila kwa vichwa virefu zaidi tafuta inchi 10. Kwa 6.5 Creedmoor msokoto wa kawaida ni inchi 8, unatosha kwa greni 140 zote nilizozitaja. Kwa .223, inchi 8 kwa greni 77, na inchi 7 ukienda 80 na kuendelea. Kanuni ya Miller hukupa namba ya uthabiti, na lengo lizidi 1.5. Chini ya hapo kichwa kinaweza kutoboa karatasi vizuri tu, lakini kinapoteza sehemu ya BC uliyoilipia. Kumbuka kwamba hewa ya baridi na nzito inapunguza uthabiti, na hewa nyepesi ya mwinuko inauongeza: kichwa kilichokuwa kwenye ukingo huko juu kinaweza kuanza kuyumba ukishuka tambarare asubuhi ya baridi.

Kuwapambanisha bila kujidanganya

Kundi la risasi tatu ni porojo yenye picha nzuri. Piga tatu leo upate kundi la kutamba, piga tatu kesho kwa risasi zile zile upate la kuficha. Mimi hupiga kumi kwa kila kichwa, na sizipigi kumi mfululizo za aina moja halafu kumi za nyingine, kwa sababu mtutu unapata moto na mwanga unabadilika, na mzigo wote unaangukia kichwa kilichopigwa mwisho. Napiga tano za hiki, tano za kile, napumzisha, narudia kwa mpangilio wa kinyume.

Weka kipima mwendo. Kundi la mita 100 halikuonyeshi tofauti ya kasi. Kwa 6.5 yenye greni 140, tofauti ya mita 3 tu kwa sekunde mdomoni mwa mtutu huleta sentimita 6 au 7 za juu na chini kwenye mita 900. Vichwa viwili vikipiga makundi sawa mita 100, kile chenye kasi inayotulia ndicho changu. Na hapo mara nyingi si kichwa peke yake. Ni mbano wa shingo ya ganda. Shingo zilizochoka hushika vichwa kwa nguvu zisizofanana: unakisikia mkononi, kimoja kinaingia kama kisu kwenye siagi, kinachofuata kinakwaruza. Ukihisi hivyo wakati wa kulinganisha vichwa, simama. Unachopima ni maganda.

Kupanga vichwa kwa uzito nimeacha. Kwa vichwa vya daraja hili mizani yangu inapepesuka zaidi ya tofauti ninayoitafuta. Muda huo naupeleka kwenye baruti na shingo.

Jambo ambalo halibadiliki kwa kichwa chochote

Uzito wa baruti sitautaja, na asikutajie mtu mwingine kwa mdomo. Greni 140 ya mtengenezaji mmoja si greni 140 ya mwingine: sehemu ya mwili inayosugua mtutu hutofautiana urefu, koti hutofautiana ugumu, na mgandamizo hufuata. Kipimo kilicho salama kwa Scenar kinaweza kuwa kikali kwa Hybrid yenye uzito ule ule. Kila unapobadilisha kichwa, fungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa kichwa hicho au wa baruti hiyo, anza chini kabisa, panda kidogo kidogo. Bolti ikianza kuinuka kwa ugumu, fataki ikawa bapa mpaka kona zake zikajaa, au kitako cha ganda kikapata alama ya kung'aa, ulipita kikomo kabla ya risasi hiyo. Mezani kuwe na chupa moja tu ya baruti iliyo wazi kwa wakati mmoja.

Ningechagua nini

.308 mpaka mita 600: MatchKing 168, bila mjadala, au Scenar 155 kama kanuni za mashindano yako zinadai. .308 kwenda mita 900: MatchKing 175 ukitaka utulivu, Hybrid ukiwa na msokoto unaoiweza na wikendi mbili za kupima mruko. 6.5 kwa shabaha za chuma na risasi nyingi: ELD Match 140. 6.5 kwa karatasi ya masafa marefu, ambako duara la alama ya juu ni dogo na upepo ni ule ule kwa wote: Hybrid, na hapa simsikilizi mtu. Kwa mita 300 peke yake, ambako duara la 10 la ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, lina kipenyo cha milimita 100, BC isahau kabisa, chukua kinachopiga kundi dogo kwenye mtutu wako, hata kikiwa cha zamani kiasi gani.

Mwenye bunduki mpya asinunue mia tano za kitu chochote. Nunua boksi moja moja la aina mbili, zipambanishe, halafu aliyeshinda umnunue kwa wingi. Ukifika hapo geuza maboksi utafute namba ya fungu, ile iliyopigwa muhuri chini au pembeni, na uchukue yanayofanana namba. Nyumbani iandike kwenye daftari pamoja na urefu uliouzamishia, maana fungu jipya la vichwa vile vile linaweza kukurudisha kwenye presi na kalipa kwa jioni nzima.